Sekunde Arobaini na Moja

Mwera, Jumatatu, 2 Juni 2025

Mwanangu Aliya,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie hapo Raskazone, wewe na mumeo na Rawan wenu. Mimi ni mzima wa kila kiungo isipokuwa masikio, ambayo unajua yalifunga duka mwaka 2020 na mwenye duka akaondoka na ufunguo. Nazi mwaka huu zimeshuka vizuri. Mbuzi wa Idi tumempata, ana pembe moja iliyokatika, na Wael anasema hafai kuchinjwa. Nimemwambia mimi mwenyewe nina pungufu na bado nafaa. Akajibu kitu, sikukisikia, tukaishia hapo.

Ni huyo huyo Wael aliyenishikisha kalamu. Nilimlea tangu ana miaka tisa, mama yake alipofariki nami nikaolewa na baba yake. Leo ni bwana mkubwa mwenye vibanda vya wageni kule Ushongo, na amri zake zinafika hadi jikoni kwangu. Sasa anazitaka zile CD nane za maulidi, alizorekodi marehemu baba yake Thuwaini hapa barazani kwetu mwaka 2007, alipowakusanya wazee wa kasida ambao leo wote tumeshawazika. Anataka ziingizwe kwenye kompyuta kama zilivyo, isipungue hata pumzi, kabla hazijaharibika, ili maulidi ya mwaka huu kila mjukuu awe nazo kwenye simu. Alitaka kuzipeleka kwa fundi asiyetujua. Nikamwambia mali ya nyumba hainakiliwi na mgeni, na binti wa kaka yangu anafundisha kompyuta. Akakubali.

Semeni, jirani yangu anayepeleka ndimu sokoni Tanga kila Jumanne, ndiye anayekuletea hili bati la biskuti. Zimo zote nane, nimezifunga kwa kanga. Majibu mpe yeye mkononi. Usipige simu kwa kuwa siwezi kusikia, wala usiandike ujumbe, maana simu iko kwa Wael na wanawe, na nyumba hii kila anayejua kusoma anasoma cha mwenzake.

Mambo mawili tu nakuomba. La kwanza, nakili bila kusikiliza. Wazee wale walikuwa wanazungumza mambo yao kati ya kasida na kasida, si adabu kuwasikiliza. La pili, ile ya tano naiona imechoka. Ikikataa usiilazimishe. Mwambie Wael imekufa, yaishe.

Ukishasoma, chana.

Shangazi yako,
Ghaliya wa Thuwaini


Raskazone, 23 Juni 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini Idi ilikwenda salama na mbuzi wa pembe moja alikuwa mtamu kama wa mbili. Sisi hatujambo. Rawan ameng'oka meno mawili ya mbele, anakusalimia, anasema "thikamoo bibi" na kucheka mwenyewe. Baba yake yuko Mombasa kikazi hadi mwisho wa mwezi. Ndimu zimefika, nusu nimeshatia achari.

Sasa nikupe habari za kazi, kwa sababu nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Kompyuta za siku hizi hazina pa kuingizia CD, kwa hiyo niliazima ya zamani kwa mwalimu mwenzangu Godlisten, ambaye alihifadhi nyimbo zote za kwaya yao ya Kilutheri kwa njia hii. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kumbe redio ikipiga CD na kukuta mahali pameharibika, hubahatisha. Huziba pengo kwa kitu cha kukisia na kuendelea, nawe msikilizaji hujui kama umedanganywa. Programu yake Godlisten haikubali hayo. Inasoma kila mahali mara mbili, na majibu yakitofautiana inarudi tena na tena mpaka yalingane. CD ya tatu ilirudiwa mahali pamoja zaidi ya mara themanini, nami nimekaa nimeshika shavu kama ninayengoja mzazi hospitalini. Mwisho ilikubali. Kila kasida ikikamilika, kompyuta inatoa namba moja ndefu, ambayo ni kama alama ya dole gumba. Ukibadilisha chembe moja ya sauti, namba inakuwa nyingine kabisa.

Nimetii ulivyosema. Spika nilizima tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta haihitaji mtu asikilize.

Na ile ya tano ondoa hofu. Ndiyo safi kuliko zote, haina mkwaruzo hata mmoja. Nadhani haijawahi kupigwa tangu siku iliyotengenezwa. Wael alinipigia juzi kuuliza tumefika wapi, nikampelekea ripoti ya CD zote nane pamoja na namba zake. Alifurahi sana. Anasema siku nitakapomkabidhi atazilinganisha namba mwenyewe, moja moja, maana hamwamini mtu, hata mimi. Tulicheka.

Bado kazi ndogo ya kupiga picha karatasi za makasha, kisha nimemaliza.

Mwanao,
Aliya


Mwera, 30 Juni 2025

Aliya,

Salamu. Sisi wazima.

Umefanya nini, mwanangu. Nilikwambia imechoka. Nilikwambia umwambie imekufa. Nawe umempa karatasi inayosema ndiyo nzima kuliko zote.

Sikukasirikii, kosa ni langu, nilikwambia nusu nikategemea uelewe nzima. Sasa fanya hivi. Mwishoni mwa ile ya tano kuna kasida ya Mzee Idarusi. Ikimalizika tu, kuna kipande. Kitoe. Kata hapo, itie hiyo iliyokatwa katika kompyuta, na CD yenyewe uivunje, useme ilianguka. Usisikilize unapokata. Mnaona kwa macho siku hizi, sivyo? Nimeona wajukuu wakikata nyimbo kwa kidole.

Wael kaniletea hiyo ripoti yako jana. Kaniwekea kidole kwenye mstari wa tano, anatabasamu. Nikatabasamu nami. Nimeungua mkono jikoni baada ya hapo, nilishika sufuria bila kitambaa.

Chana hii.

Ghaliya


Raskazone, 7 Julai 2025

Shangazi, shikamoo, na pole ya mkono. Paka asali, si dawa ya meno kama ulivyozoea.

Rawan ana homa kidogo, inashuka. Shule inaendelea. Nimeshindwa kuandika haraka, na nikikwambia sababu ni shughuli nitakuwa mwongo. Niliogopa kukujibu.

Kukata naweza, ni kazi ya dakika moja. Tatizo ni zile namba. Nikitoa sekunde moja tu, namba ya kasida ile inageuka, na namba ya kweli Wael anayo kwenye simu yake. Hatajua nini kimekatwa, lakini atajua kimekatwa, na wewe unamjua Wael. Hataacha kuuliza mpaka mtu alie. Mimi ndiye niliyempa hizo namba. Nalifikiria hilo kila nikikaa mezani.

Alipita shuleni juzi. Alikuja kuangalia kazi, akakaa kwenye dirisha langu akaniuliza kama wewe ni mgonjwa. Anasema hulali, unazungukazunguka uani, na ukimwona unashtuka. Nikamwambia ni joto.

Tangu barua yako nimelifungia bati kabatini na funguo natembea nazo. Nakuuliza kwa heshima zote, Shangazi, kuna nini mle? Kuna mtu aliumizwa? Kuna aliyekufa? Nimefikiria mengi, na mengine siwezi kuyaandika. Sijasikiliza. Neno lako bado nimelishika. Lakini niambie wewe, kabla mashine haijaniambia.

Nitafanya utakalosema. Ila usiniache nifanye gizani.

Aliya


Mwera, 4 Agosti 2025

Mwanangu Aliya,

Jumanne nne Semeni amekuja kwako na ndimu tupu. Najua uliangalia chini ya kikapu. Rawan amepona? Mkono wangu umepona, umebaki alama.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Pale utakapoona nimefuta nimefuta kweli, karatasi ya nyumba imekwisha na siwezi kuwaomba watoto wa Wael.

Ilikuwa Machi 2007, alasiri. Thuwaini alikuwa amemngoja Mzee Idarusi miaka minne aje aimbe kasida moja ambayo lahani yake haikuwa na mjuzi mwingine pwani hii yote. Siku hiyo mzee akaja, amebebwa kwenye kiti. Akaanza. Mimi nikaingia na sinia la kahawa, wakati ambao sikupaswa kuingia, mguu ukanasa kwenye waya wa kinasa sauti. Vikombe sita vikaenda sakafuni. Mzee Idarusi Mungu amrehemu hakusita, aliimba mpaka mwisho. Kisha adhana ya Magharibi ikakaribia, wageni wakatoka kwenda msikitini. Thuwaini akabaki nyuma.

Alinitazama na vile vigae. Akaniambia, nimekuacha Ghaliya.

Wewe ulikuwa mdogo hukujua, na wakubwa wa kujua wameshakufa. Alishaniacha mara mbili kabla, mwaka tisini na moja na mwaka tisini na tisa, na mara zote mbili akanirejea ndani ya eda. Hiyo ilikuwa ya tatu. Baada ya ya tatu hakuna kurejeana. Unajua sheria, hata mtoto wa madrasa anaijua.

Akatoka mbio kuwahi sala. Nami nimebaki nimeinama naokota vigae, ndipo nikaona kinasa sauti kinawaka taa nyekundu.

Akarudi. Akauliza chakula. Nikapakua. Hakusema kitu, nami nikangoja aseme. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa kuogopa. Ya pili niliogopa zaidi, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imeshapita. Mwezi ulipotimia nilikuwa nimeshakuwa mwongo, na mwongo harudi nyuma kirahisi. Tukaishi hivyo miaka kumi na moja, Aliya. Chumba kimoja. Alipokufa nikakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, na watu wakaniletea mchele. Nyumba hii ninakaa kwa jina hilo.

Nina kamba moja tu niliyoishika. Nilimsikia sheikh redioni, enzi nasikia, akisema kuna hasira inayofunga akili kabisa, mtu akisema humo hajui asemalo, na maneno yake hayahesabiwi. Nikasema ndiyo hiyo. Thuwaini hakujua alilosema. Angejua angeniambia, maana alikuwa mtu wa dini, hakuwa mtu wa kulala na haramu. Hakuniambia kwa sababu hakujua. Kwa hilo nimeweza kusali.

CD zilipokuja kutoka studio sikuipiga ya tano na sikumwacha mtu aipige. Nilikuwa naificha ndani ya mto. Daktari aliponiambia masikio yanakwenda nilishukuru, nikasema sasa hata ikipigwa sitaisikia.

Wael akisikia atasema mimi si mjane wa baba yake, ni mwanamke tu aliyekaa naye. Atanitoa hapa. Na nikitolewa na Wael ni kitu kidogo. Yupo mwingine atakayeniuliza.

Sasa sikiliza hiyo CD. Sikiliza kwa niaba yangu. Uniambie inasikika vizuri au haisikiki, na kama mtu asiyejua anaweza kupitwa.

Chana hii kuliko zote.

Ghaliya


Raskazone, 11 Agosti 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Rawan amepona, jino moja limeanza kuchomoza. Baba yake amerudi. Naandika upesi, Semeni anapita asubuhi.

Nimesikiliza. Nilifunga mlango wa darasa, nikavaa vile vya masikioni, nikakaa chini sakafuni. Kasida ya Mzee Idarusi inaanza, sauti yake nyembamba lakini haitetemeki. Katikati vikombe vinaanguka. Nilivihesabu, Shangazi, ni sita kweli, cha mwisho kilibiringika. Mzee anaendelea kama hakuna kitu. Anamaliza. Watu wanaitikia, wanainuka, nasikia makubadhi, nasikia mtu akikohoa akiwa anaondoka. Kisha hakuna kitu.

Halimo. Maneno hayo hayamo kwenye CD ya tano. Nilirudia mara saba.

Kwa hiyo hakuna cha kukata. Namba zitabaki zilivyo na Wael atazilinganisha mpaka achoke.

Barua yako nimeshindwa kuichana. Nakurudishia yenyewe ndani ya bahasha hii, uichane wewe mwenye nayo. Kazi yangu ni kunakili, lakini hiyo sikuinakili, wala sikuipiga picha, wala Baba Rawan hakuiona. Ni hiyo moja tu duniani.

Lala, Shangazi.

Aliya


Mwera, 18 Agosti 2025

Mwanangu, mwanangu Aliya,

Nimelala. Nimelala mpaka jua likaingia dirishani, Wael akaja kunitikisa akidhani nimekufa. Nimemkaripia, na leo nimempikia bokoboko, anakula ananitazama kama mtu aliyeletewa mama mwingine.

Semeni anasema nimenenepa. Kwa wiki moja? Lakini mwache aseme.

Nimeelewa sasa. Taa ilikuwa inawaka lakini mashine ilikuwa imeshakwisha betri, au ukanda ulikuwa umefika mwisho. Miaka kumi na minane nimeogopa kopo tupu. Mungu kanisitiri, na nimezidi kushika ile kamba yangu. Maneno yale hakuyajua mwenye kuyasema na mashine haikuyashika, basi ni kama upepo. Niliyeyasikia ni mimi tu, na mimi siku hizi ni kiziwi.

Nakuomba jambo dogo la kizee. Niandikie tena. Niandikie kwa mkono wako kwamba hakuna kitu, hakuna kitu kabisa mwishoni mwa ile ya tano, nami nitaiweka karatasi hiyo ndani ya mto mahali ilipokuwa CD. Kwenye barua yako ile umeandika "kisha hakuna kitu," nimeisoma mpaka imelegea. Nataka nyingine.

Ndimu hizi ni za kwako peke yako, usigawe.

Shangazi yako mwenye usingizi,
Ghaliya wa Thuwaini


Raskazone, 25 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Mwezi wa maulidi, Mfunguo Sita, umeandama, na hapa mitaani watoto wa madrasa wanafanya mazoezi ya dufu.

Umeniomba niandike tena, nimekaa na karatasi siku tatu. Siwezi. Mimi niliyekataa kupunguza sekunde moja kwenye CD ya Wael, nimepunguza arobaini na moja kwenye barua yako. Nisamehe. Niliona jinsi ulivyoishika ile kamba, nikaogopa kuigusa.

Niliandika "kisha hakuna kitu" na ni kweli, lakini kuna namna mbili za kutokuwa na kitu. Chumba kikinyamaza hakinyamazi hasa. Kuna kunguru nje, kuna upepo kwenye minazi, kuna pumzi ya mtu. Kwenye kompyuta unaona mstari unatetemeka kidogo hata pasipo na neno. Wanapotoka wale wazee, mstari unatetemeka hivyo. Halafu ghafla unalala. Unakuwa sifuri, sifuri, sifuri, kwa sekunde arobaini na moja kamili. Halafu unatetemeka tena, unasikika mlango, na CD inakwisha. Betri haikuisha, Shangazi. Mashine ilirekodi mpaka mwisho.

Nilimwonyesha Godlisten ule mstari tu, sauti imezimwa, sikumwambia ni wa nani. Akasema, "Hapa mtu kafuta. Mashine ikiharibika haina adabu ya kuanza na kumaliza kwenye sekunde kamili."

Nikajiambia labda ni fundi wa studio, kwa sababu zake. Wiki hiyo hiyo nikawa napiga picha karatasi za makasha. Kunakili kamili ni pamoja na makaratasi. Nyuma ya karatasi ya CD ya tano ilikuwemo nyingine, kipande cha kalenda kimekunjwa mara mbili. Nilikipata kabla sijakuandikia barua ya Agosti kumi na moja. Sitaki kukuficha hata hilo. Nakiweka humu. Mwandiko utautambua kuliko mimi.

Kimeandikwa hivi: "Ya tano. Toka 38.12 hadi 38.53 futa. Vikombe viache."

Alijua, Shangazi. Alijua alilosema na alijua kinasa sauti kilishika. Sijui sheria inasemaje, na sitaki kukusemea marehemu. Ninachojua ni kidogo. Vile vikombe ndivyo vilivyomkasirisha, ndivyo vilivyoharibu kasida aliyoingoja miaka minne, na angeweza kumwambia fundi apunguze kile kishindo. Alikiacha. Alichotoa ni sauti yake mwenyewe.

Naogopa kuitia barua hii kwenye kikapu cha Semeni. Naogopa zaidi kubaki nayo.

Wael anakuja Jumatano kuchukua kazi. Nitampa kama ilivyo. Kwake zitakuwa sekunde za kimya tu.

Aliya


Mwera, 1 Septemba 2025

Mwanangu Aliya,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa mwenye meno mapya. Hapa tumeshapaka chokaa baraza, maulidi ni Alhamisi. Wael amekwishazilinganisha namba, zote zimekubali, anatembea kifua mbele. Jana alikaa karibu nami akaipiga ile ya tano kwenye simu, akanishikisha simu mkononi nisikie mtikisiko. Nikaisikia kwa vidole. Vikombe nilivitambua. Kisha simu ikatulia kiganjani, nikahesabu. Nilifika thelathini na nane, nilihesabu polepole kidogo.

Mwandiko ni wake. Hilo halina shaka, alikuwa akiandika namba nane kama mayai mawili.

Wiki ile aliporudi kutoka studio aliniletea vikombe sita vipya vya kahawa, ndani ya boksi. Nilidhani ananisuta. Sikuvitumia hata siku moja, viko juu ya kabati na boksi lake, na yeye hakuniuliza kwa nini, nami sikumuuliza kwa nini alivileta. Miaka kumi na moja, Aliya. Nilikuwa nikimficha ili asijue alichosema, naye akinificha ili nisijue kuwa anajua. Kila mmoja kamwogopea mwenzake, na chakula kinapakuliwa.

Usijilaumu. Kamba yangu imekatika, hilo sikufichi, na nimelia mpaka kilemba cha kichwa kikalowa. Naogopa kuliko mwanzo. Mwanzo nilikuwa naogopa watu. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na sisi tuliuficha wawili, tazama tulichozaa. Sekunde arobaini na moja.

Sitaki kwenda kaburini na jambo ambalo sijawahi kumuuliza anayejua. Nimemwita Sheikh Ayubu aje Alhamisi asubuhi, kabla ya wageni. Wael nimemwambia abaki nyumbani, asiende Ushongo. Akaniuliza kuna nini, nikamwonyesha masikio yangu kwamba sikusikia. Nitawatengenezea kahawa kwa vile vikombe. Kwa mdomo sitaweza kuwaambia, najijua, nitaanza nitageuza maneno niseme habari za nazi. Kwa hiyo watasoma.

Ile barua yangu ya Agosti uliyonirudishia, nami sikuichana. Nakuletea tena. Semeni atakusubiri sokoni mpaka alasiri, mpe nakala mbili, moja ya sheikh na moja ya Wael, na hii yenyewe anirudishie. Pamoja nazo nakili na kile kipande cha kalenda, nacho nimekitia humu.

Najua una mkono wa huruma, na unajua kompyuta, utatamani kuipiga chapa upya isomeke vizuri, utoe yale niliyoyakosea. Usinifanyie hivyo. Nakili kama ilivyo, pamoja na pale nilipofuta.

Shangazi yako,
Ghaliya